Bushi za nyuma za WRX: mpira, mpira mgumu au poli, ipi itakuondolea kelele huku Malindi

Naanza na kelele yenyewe maana watu wengi wananunua bushi, yale mapete yanayokaa kwenye ncha za mikono inayoshika gurudumu, kabla hawajajua kinachogonga ni nini. Gari yangu ni Subaru Impreza WRX, lile umbo la GD lililotoka 2000 mpaka 2007, niko nayo hapa Malindi mwaka wa tano sasa, na mwaka jana nyuma ikaanza: nikipita tuta polepole ko-ko-ko, nikitoa mguu kwenye mafuta ghafla duk! chini ya kiti cha nyuma, na kwenye kabro za mjini gari nzima inanguruma kama kuna mtu anaburura mabati. Sauti ya injini naipenda, hiyo iache palepale. Lakini mamangu akikaa nyuma tukienda Mombasa, zile kilomita kama 120, tukifika Mtwapa kichwa kishamuuma na mazungumzo tushaacha zamani kwa sababu hatusikizani.

Sasa binamu yangu wa Amu ana gari hiyohiyo, umbo hilohilo, analaza Mokowe kwa sababu kisiwani gari ya namna ile haina pa kwenda. Yeye alikuwa na kelele kama yangu akaamua kuweka poli, yaani za plastiki ngumu ya poliuritheni, nyuma yote, seti nzima. Mie nikaweka mpira. Akashuka nayo Malindi kupitia Witu na Garsen, zaidi ya kilomita 200, tukabadilishana gari siku mbili nzima, lami, kabro, na ile njia ya vumbi ya kuingilia mashambani, kwa hiyo haya nnayosema nimeyasikia kwa masikio yangu kwenye gari mbili zinazofanana.

Kabla ya bushi lakini. Fundi wangu ni mzee, ameshika magari tangu mie sijazaliwa, nilipompelekea nikamwambia Mzee nataka bushi za nyuma, akaniambia mwanangu ngoja kwanza. Akafungua buti akatoa tairi ya akiba, jeki, spana, kila kitu, akaniambia zunguka nayo. Kelele ikapungua kidogo, yaani kumbe jeki nayo ilikuwa inaimba. Halafu akashika linki za stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari isilale kwenye kona, kwa mkono akazitikisa, moja ikawa inacheza, na ile ni spea ya bei ndogo sana ambayo inagonga ko-ko-ko kwenye tuta sawasawa na bushi iliyokufa, ukiibadilisha ni dakika 20 kila upande. Mauntingi ya juu ya shoki nayo hugonga, hiyo utaisikia karibu na masikio, juu, siyo chini. Beringi ya gurudumu haigongi, inavuma, na mvumo unabadilika ukikata kona upande mmoja. Tairi zilizoliwa kwa mawimbi nazo zinavuma vilevile, pitisha kiganja juu ya uso wa tairi utahisi kama meno ya msumeno. Vyote hivo viondoe kwanza. Kisha ndo unalala chini na mtaimbo, unasukuma kila mkono taratibu huku unaangalia mpira: ukiwa umepasuka, au umeachana na chuma, au bomba la kati limekaa upande mmoja badala ya katikati, hiyo bushi imekwisha.

Kwa wale hawajawahi kuangalia chini ya GD: kila upande wa nyuma kuna mkono mmoja unaotoka mbele kuja kwenye gurudumu, mafundi wanauita treilingi amu, na kuna linki mbili za kukingama kutoka katikati ya gari mpaka kwenye habu, pale gurudumu linapofungwa. Treilingi amu ndo inayozuia gurudumu lisiende mbele na nyuma, kwa hiyo ule mlio wa duk! ukiachia mafuta au ukifunga breki mara nyingi unatoka hapo au kwenye mauntingi za difu, yaani mipira inayoshikilia lile boksi la meno linalozungusha magurudumu ya nyuma. Linki za kukingama ndo zinazoshika gurudumu lisiyumbe kushoto kulia, zikifa bushi zake gari inatikisa mkia ukifunga breki kwa kasi na tairi inaliwa upande wa ndani. Kisha kuna mipira ya stabilaiza, miwili tu, ile inayoshikilia fimbo.

Sasa vifaa vyenyewe.

Mpira wa kiwandani umeganda kwenye chuma pande zote mbili, bomba la ndani na kombe la nje, hausuguani na kitu. Mkono ukipanda na kushuka mpira unajipinda wenyewe, kama vile unavyopinda mkono wa mtu bila ngozi kuteleza. Ndo maana haulii. Na mtetemo wa lami unafia mule ndani kabla haujafika kwenye bodi. Ugumu wake hupimwa kwa kipimo kinaitwa Shore A, namba ikipanda ugumu umepanda. Uso wa tairi ya gari ni kama 60 hadi 70, na bushi za kiwandani mara nyingi zinacheza kwenye 50 na kitu mpaka 60 na kitu. Bushi zingine wameziachia nafasi wazi ndani ya mpira makusudi, ukiiangalia utadhani imepasuka kumbe ndo ilivyotengenezwa, ile nafasi inairuhusu iwe laini upande mmoja na ngumu upande mwingine.

Ubaya wa mpira ni kuzeeka. Joto la huku, chumvi ya bahari, jua, unakauka unapasuka. Oili au dizeli ikiumwagikia unavimba na kulainika, kwa hiyo wale wanaopuliza oili chafu chini ya gari kuzuia kutu wajue wanaua bushi zao. Na kombe lake la nje ni chuma, linashika kutu likang'ang'ania ndani ya mkono, hasa gari ikiwa inalala karibu na pwani kama zetu hizi au inapita njia ya Gongoni na Marereni kule kwenye mashamba ya chumvi.

Poli ni kitu kingine kabisa na hapa ndo watu wanajichanganya. Poli haijaganda kwenye chuma. Ni vipande viwili vya plastiki ngumu na bomba la chuma katikati, na mkono ukipanda lile bomba linazunguka ndani ya poli kwa kuteleza, na kinachofanya liteleze ni grisi. Grisi ikiwepo, kimya. Grisi ikitoka, au mchanga ukiingia, inalia kwik-kwik-kwik kama kitanda cha chuma. Kwa ugumu, poli za zambarau za Powerflex, kampuni ya Uingereza, ambazo ni za barabarani, ziko 80, na zile nyeusi zao za mashindano ziko 95. SuperPro na Whiteline wa Australia nao wana seti za Subaru, na watu wa huku wanaziagiza sana. Siyo bidhaa mbaya hata kidogo. Oili haiisumbui poli, na kwenye kona kali gari inajibu papo hapo, gari ya binamu yangu ukiikata kwenye kona nyuma inafuata kama imefungwa kamba, nilitamani kwa kweli.

Lakini tulikuwa tunatafuta kimya. Na gari yake kwenye lami laini ilikuwa sawa tu, ukifika kwenye lami ya kokoto kubwa mvumo unapanda mpaka kwenye sakafu, unausikia kwenye nyayo za miguu. Kwenye kabro za mjini ilikuwa wazi kabisa, kwangu ni kama mtu anagonga mlango wa jirani, kwake anagonga mlango wako. Na miezi mitano tu baada ya kuziweka, nyuma kulia kulikuwa kumeanza kulia kwik kila akitoka kwenye tuta, tukaivua, grisi imekuwa uji wa mchanga. Njia ya Mokowe na vumbi lake wakati wa kaskazi, utategemea nini. Ikasafishwa ikapakwa tena grisi ya silikoni ile inayokuja na seti, ikanyamaza. Kwa hiyo ukichukua poli jua umechukua na kazi ya kuivua na kuipaka grisi kila baada ya muda, na usipake grisi ya kawaida ya beringi, tumia ile ya silikoni tu.

Nikimuuliza binamu, yeye anasema poli ilipunguza kelele. Na ni kweli, anasema kweli! Ilipunguza ikilinganishwa na bushi zilizokufa kabisa, chuma kinagonga chuma. Chochote ukiweka pale kingepunguza. Hapa ndo mtu anasikia kwa rafiki yake kwamba poli inaondoa kelele, anaenda kutoa bushi za mpira ambazo bado ziko hai anaweka poli, halafu anashangaa gari imekuwa na makelele zaidi kuliko mwanzo. Usilinganishe poli mpya na mpira uliokufa. Linganisha mpya na mpya.

Na kuna jambo lingine la treilingi amu ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote. Ule mkono haupandi na kushuka tu. Gurudumu likipanda, linki za kukingama zinalivuta kwa mviringo kidogo upande, kwa hiyo treilingi amu inabidi ijipinde na ijilaze kila ncha. Mpira unakubali, unajipinda huku na huku. Poli inataka kuzunguka kwenye mhimili mmoja tu, ukiilazimisha kujilaza inakaba, inabana, na gari inakuwa ngumu kwenye mashimo kama vile springi zimeongezwa. Kwenye gari ya binamu nilihisi hivo hasa gurudumu moja likiingia shimoni peke yake. Kwa hiyo hata kama unapenda poli, pale kwenye treilingi amu iache, weka mpira.

Katikati ya hizi mbili kuna mpira mgumu. STI, kitengo cha michezo cha Subaru wenyewe, wanauza bushi za kundi N, zilizotokana na yale magari ya rali yaliyotakiwa kukaribiana na gari ya dukani. Ni mpira ulioganda kwenye chuma vilevile, haulii, hautaki grisi, ila ni mgumu zaidi. Mtu anayependa kuendesha na bado ana familia nyuma, hii ndo ningemwambia aitafute kwanza kwa linki za kukingama. Shida yake ni kuzipata, huku kwetu haziko dukani, ni kuagiza na kungoja, na ni ghali kuliko za kawaida. Kelele inaongezeka kidogo ukilinganisha na za kiwandani laini, sitasema haiongezeki, lakini ni ya kuvumilika kabisa.

Zile za duara za chuma, pilo boli wanaita, au zile bushi za plastiki ngumu za Delrin, hizo ni za gari ya mashindano. Hakuna kitu laini ndani cha kuzuia mtetemo, na vumbi letu litazila mapema zianze kugonga. Ukitafuta kimya pita mbali.

Mikono ya mtumba kutoka Japani je? Bei inavutia na inakuja na bushi zake ndani, unafunga tu. Lakini fikiria: GD ya mwisho kabisa ni ya 2007, hata ukipata mkono wa gari iliyotembea kidogo mno, mpira wake ushapita miaka 15, na mpira unazeeka hata ukikaa rafuni. Chukua mkono wa mtumba kama wako umekunjika au umeoza kwa kutu, kisha tia bushi mpya. Usichukue kwa ajili ya bushi zake.

Bushi mpya za bei rahisi zisizo na jina, hapo ni bahati. Nimeona moja mpira uliachana na kombe kabla hata mwaka haujaisha. Ukilazimika, ishike mkononi, angalia pale mpira unapokutana na chuma: ukiona ufa au gundi imechuruzika ovyo, irudishe. Na kuna wale wanaojaza zile nafasi wazi za bushi kwa gundi nyeusi ya kubandika vioo vya gari, inafanya bushi iwe ngumu kwa pesa kidogo, lakini ile nafasi ndo ilikuwa inakula mtetemo, ukishaiziba umeukaribisha ndani. Za kukatwa kwa tairi kuukuu hata sitaki kuzizungumzia kwenye gari inayokimbia hivi.

Basi mie nimechagua hivi. Treilingi amu, ncha yake ya mbele na ya nyuma, mpira wa orijino. Linki za kukingama, mpira wa orijino, na hapa ujue kwa spea za orijino mara nyingi utauziwa linki nzima ikiwa na bushi ndani, inauma mfukoni lakini unaokoa kazi ya presi. Stabilaiza nimeweka poli, ndiyo, poli, kwa sababu ile fimbo inazunguka tu kwenye mhimili mmoja, kazi ambayo poli inaiweza vizuri, na mtetemo wa lami ukienda moja kwa moja hauipitii sana. Naipaka grisi kila nikibadilisha oili, ni nati chache tu. Kama wewe gari yako unaipeleka kwenye mashindano ya wikendi na hubebi mtu nyuma, chaguo la binamu ni sawa kwa linki, weka poli hapo, ila bakisha mpira kwenye treilingi amu, na ukubali mvumo.

Lakini jamani, bushi yoyote ya mpira unayonunua inaweza kufa ndani ya miezi mitatu fundi akiifunga vibaya, na hili limenipata. Mara ya kwanza kabla sijampata huyu Mzee niliweka bushi za treilingi amu kwenye gereji moja, gari imeinuliwa, magurudumu yananing'inia, wakakaza bolti zote wakashusha gari. Kimya wiki mbili, halafu ikaanza tena, nilipoangalia mpira umepasuka kama umekatwa kwa kisu. Sababu ni kwamba mpira umeganda kwenye chuma: ukiukaza mkono ukiwa umening'inia, pale ndo mpira unapajua kuwa kwao, ukishusha gari mkono unapanda na mpira unabaki umepindwa saa zote, hata gari ikiwa imesimama uani. Kila shimo linaongeza juu ya ule mpindo. Kwa hiyo bolti zinatakiwa ziingizwe zikiwa legevu, gari ishuke kwenye magurudumu yake juu ya shimo la gereji, au uweke jeki chini ya habu uinue mpaka urefu kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa fenda uwe uleule uliopima kabla hujaanza, kisha ndo ukaze. Pima kabla. Poli haina shida hii kwa sababu inazunguka bure, na ni haki yake nimtajie.

Halafu zile bolti ndefu za linki za nyuma kwenye Subaru, kila fundi anazijua, zinashika kutu ndani ya bomba la bushi mpaka zinakuwa kitu kimoja. Huku pwani ndo kabisa. Nunua bolti mpya kabla ya siku ya kazi, pamoja na ile yenye kisahani cha kurekebisha mwelekeo wa gurudumu. Puliza mafuta ya kulegeza kutu siku mbili tatu mfululizo, na bado jiandae kukata kwa grainda, kwangu mbili kati yake zilikatwa na kazi iliyokuwa ya asubuhi ikaisha magharibi. Bolti mpya ipakwe mwili mzima grisi ya shaba kabla ya kuingia, mwenzio wa baadaye atakuombea dua. Bushi yenye nafasi wazi iwekewe alama ya chokaa ilivyokaa kabla ya kutolewa, mpya ikae vilevile, usiigeuze. Na baada ya yote peleka gari kwa alaimenti, nyuma siyo mbele tu, la sivyo tairi mpya zitaliwa na zianze kuvuma na utadhani bushi zimekufa tena.

Safari ya mwisho ya Mombasa mamangu alilala kutoka Gede mpaka daraja la Kilifi. Kuna kitu kimoja kimebaki: nikifika 100 kwa gia ya tano kuna mvumo mwembamba katikati ya gari, unakuja nikikanyaga na kupotea nikiachia. Tumeshaangalia na Mzee, ni mauntingi za difu, hatukuzigusa wakati ule kwa ajili ya pesa. Binamu anataka niweke poli pale. Mie hapana, difu iliyofungwa ngumu inapeleka mlio wa meno yake ndani moja kwa moja, kwake nimeusikia. Nimeshaagiza za mpira.